Sura Tuionyeshayo Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Msitiri wa aibu za waja wake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kila mji wa mwambao ambao gazeti letu dogo hili lafika, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tumo ndani yake. Huenda msomaji akidhani ya kuwa twaja kuwalaumu vijana na simu zao, kama ilivyo ada yetu sisi watu wa vilemba. Sivyo. Lawama ya kwanza ni yetu, na khabari yenyewe ni hii.

Katika mwezi wa Ramadhani uliopita baadhi yetu katika darsa hii tulipanda treni ya Mombasa kwenda Nairobi, ile iliyoanza kazi mwaka 2017, kuwazuru ndugu zetu wa huko. Tuliwakuta wamekusanya unga, mchele, mafuta na tende kwa ajili ya masikini wa Kawangware na Kangemi, vitongoji vilivyo upande wa magharibi wa mji. Mwenye kuijua Nairobi ajua ya kwamba Kawangware imepakana na Lavington yenye majumba ya matajiri na bustani zao, na kutoka kwa huyu mpaka kwa yule ni mwendo wa miguu tu. Tukawasaidia ndugu zetu kugawa, na kazi ikaenda vizuri. Vijana wakapiga picha. Mmoja wao akatuuliza, "Tuzitie mitandaoni?" Nasi tukamjibu, "Zitieni, watu wapate hima ya kutoa." Neno hilo tulilisema sisi, wala hatukulazimishwa na mtu.

Picha zilikuwa saba. Katika hizo moja ilikuwa ya mama mmoja mtu wa pwani, ameupokea mfuko kwa mikono miwili, na mtandio umemteremka kichwani kwa uzito wa mzigo. Hatukumtaka ruhusa. Mji wake na ukoo wake hatuvitaji hapa, kwani makosa ya kwanza yatosha. Jamaa zake walioko pwani walikuwa wakijua kwamba ana biashara Nairobi na ya kuwa mambo yake si mabaya. Biashara ile ilikuwa imeanguka zamani, naye hakupenda kuwatwika watu mzigo wake. Alifunga njaa yake ndani ya nyumba na ufunguo akauweka yeye. Picha ikatoka Nairobi adhuhuri, na kabla ya watu kufuturu ilikuwa imefika mkononi mwa kaka yake, na kaka akapiga simu kwa ghadhabu: umetuaibisha, umekuwa mwombaji, watu watasema nini?

Ijumaa iliyofuata tulisali katika Msikiti wa Jamia, katikati ya mji. Tulipotoka upande wa Banda Street tulimkuta mama yule akitungoja. Akatuamkia kwa adabu, kisha akasema: "Mashekhe wangu, Mungu awalipe kheri. Unga mlionipa ulikwisha siku ya nane. Ile picha itakwisha lini?"

Hatukuwa na jawabu la kumpa. Tuliinama tu. Na tangu siku ile darsa yetu imeirudia mas-ala hii mara kwa mara: ni ipi haki ya Muislamu juu ya sura yake mbele za watu, na ni upi mpaka wake? Kwani jambo hili lina pande mbili, na wengi wameuona upande mmoja tu.

Wako wanaosema kwamba mtu kuijali sura yake mbele za watu ni ria tupu, na kwamba mcha Mungu hajali akionekanaje. Neno hili laonekana zuri, walakini si kweli. Yamepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu msikitini, akaja mkewe Bibi Safiyya (r.a.) kumzuru usiku. Alipoondoka Mtume alimsindikiza, na watu wawili wa Ansari wakapita, wakamwona, wakakaza mwendo. Mtume akawasimamisha akawaeleza kwamba yule ni Safiyya. Wakastaajabu: nani angemdhania Mtume wa Mungu vibaya? Akawajulisha kwamba shetani hupita ndani ya mwanadamu kama damu, naye alikhofu asije akawatia neno moyoni. Basi tazama! Aliye mtukufu kuliko viumbe wote hakusema, "Mimi najijua, na watu wadhani wapendavyo." Alisimama njiani usiku akaisafisha dhana ya watu wawili. Kwa hivyo kulinda heshima yako ni katika mwendo wa Mtume. Bali angalia aliilinda kwa nini: kwa kusema kweli iliyopo, si kwa kupamba isiyokuwapo.

Na wako wengine wanaosema kinyume chake. Hawa ni vijana wetu khasa, na baadhi yao wamesoma sana. Wanasema: kuficha aibu yako ni unafiki, mtu na aonekane kama alivyo, mazuri yake na mabaya yake, huo ndio ukweli. Tumelisikia neno hili Kilimani, nyumbani kwa kijana wa Mombasa aliyetukaribisha futari, kutoka kwa rafiki yake ambaye huweka kila aliyoyafanya usiku katika WhatsApp, katika pale mahali ambapo picha hukaa saa 24 kisha hutoweka. Kijana huyu hana uovu wa moyo. Amekosa kufundishwa tu. Lau angalifundishwa angalijua hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba umma huu wote watarajiwa msamaha isipokuwa wale wanaojidhihirisha. Na Mtume akawafasiri: ni mtu afanyaye jambo usiku, Mungu akamsitiri, kisha akaamka asubuhi akawahadithia watu alilolifanya. Mola wake alilala amemfunika, naye akaamka akaifunua ile shuka kwa mkono wake.

Ndugu zetu, maneno haya yamesemwa yapata miaka 1400 iliyopita, na sisi tulipoyasoma tena baada ya safari ile tulihisi kama kwamba mtu ametuchungulia katika simu zetu.

Basi kuficha dhambi si unafiki. Unafiki ni kudhihirisha wema usiokuwa nao. Tofauti hii ndiyo iliyowapotea watu. Mwenye kusitiri ubaya wake ana haya kwa Mola wake na kwa watu, na haya ni katika imani. Mwenye kujivisha uzuri asio nao amesema uongo, ijapokuwa hakufungua kinywa. Bibi Asma binti Abubakar (r.a.) amepokea kwamba mwanamke mmoja alimwuliza Mtume juu ya kujionyesha mbele ya mke mwenziwe kuwa amepewa na mumewe ambacho hakupewa. Mtume akamfananisha mtu wa namna hiyo na aliyevaa nguo mbili za uongo. Nasi tulipopita Westlands jioni moja tuliwaona vijana, watatu kwa wanne, wakisimama kwa zamu kando ya gari la mtu wasiyemjua, mmoja akipiga picha na mwingine akiazima saa ya mwenzake aivae kwa dakika moja. Kisha wakapanda matatu ya Waiyaki Way kwenda zao. Tulicheka, na baada ya kucheka tukasikitika, kwa sababu picha ile ingefika pwani kwa mama mzazi aliyeuza hereni zake mwanawe asome, naye angeiamini. Na mdogo wake angeiona, akadhani ya kuwa mwenziwe anaishi hivyo kwa kazi ya miezi sita, akayadharau maisha yake mwenyewe.

Lakini tusiwashike vijana tu. Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, alipoyataja mambo ambayo watu hufanyia ria aliyakusanya katika matano: mwili, mavazi, maneno, matendo, na la tano ni wingi wa masahibu na wenye kumzuru mtu. Amefariki mwaka 1111, naye hakuona simu wala kamera. Ama sisi mashekhe wa leo, ni wangapi tusemao mwisho wa darsa zetu, "Nifuateni katika ukurasa wangu"? Ni wangapi tujuao idadi ya wafuasi wetu kuliko tujuavyo idadi ya masikini wa mtaa wetu? Tumemwona mtu pale Jamia ameinua mikono katika dua, na mbele yake mwenziwe ameinua simu; picha ya kwanza haikutoka vizuri, ikabidi dua iombwe tena. Hatumhukumu, moyo wake yuajua Mungu. Walakini katika Sahihi Muslim imo hadithi ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama, nao ni shahidi wa vita, mwenye elimu na Kurani, na tajiri mtoaji. Na wote watatu waambiwa kwamba walifanya ili wasemwe, na imekwisha kusemwa. Mwenye elimu ni mmoja wao, na mtoaji ni mmoja wao. Sisi siku ile Kawangware tulikuwa na vilemba vyetu na magunia yetu, yote mawili kwa pamoja.

Tuyarudie magunia. Huenda mtu akatuuliza: je, Kurani haikuruhusu sadaka kutolewa kwa wazi? Naam, imeruhusu. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 271, kudhihirisha sadaka kumesifiwa, na kuificha na kuwapa mafakiri kumeambiwa ni bora zaidi. Sisi tulijitetea kwa aya hiyo, mpaka mmoja wetu, mdogo wetu kwa umri, alipotuambia: "Aya imeruhusu kuidhihirisha sadaka. Haikuruhusu kumdhihirisha fakiri." Wallahi amesema kweli. Gunia la mchele lapigwa picha wala haliponi haya; mtu si gunia. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 264, tumekatazwa tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Zamani mtu akimsimbulia fakiri alimsimbulia siku moja, mbele ya watu wanne. Picha yamsimbulia kila siku, mbele ya watu asiowajua, na mwenye kusimbulia amelala.

Jambo lililotutia haya zaidi ni kwamba sheria ya serikali imetutangulia katika hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha yake. Mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data, na chini yake picha ya mtu ni mali ya siri yake: haichukuliwi na kutangazwa bila ya ridhaa yake, na ya mtoto haitangazwi bila ya ridhaa ya mzazi au mlezi. Sheria hii haikukaa kabatini. Mwezi wa Disemba 2022 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya shilingi 5,000,000 kwa kutumia picha ya mtu katika ukurasa wake wa Instagram bila ya idhini yake. Na Septemba 2023 zikatoka hukumu nyingine, mbili katika hizo zikahusu pande zile zile za magharibi ya Nairobi. Casa Vera, mahali pa starehe katika Ngong Road, palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja asiyeridhia. Na shule moja ya Uthiru, Roma School, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazee wao.

Tafakarini. Mahali pa starehe pametozwa mali kwa kumwonyesha mtu aliyekwenda kwa miguu yake kucheza na kucheka. Sisi tumemwonyesha mwanamke wa Kiislamu, mwenye saumu, na kichwa chake ki wazi, katika hali ya uhitaji wake. Lau yule mama angalikwenda kutushitaki, angalikuwa na haki, na malalamiko kama hayo sheria imeamrisha yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90. Hakwenda. Alikuja msikitini akatuuliza swali moja.

Na hapa yatupasa kuwaambia wazazi neno. Tumeona picha za watoto wa watu wakioga, wakilia, wakichapwa, wakiwa wamekojoa kitandani, zimewekwa na mama zao na shangazi zao ili watu wacheke. Mtoto huyo kesho ni mtu mzima, atakuwa mwalimu au hakimu au mke wa mtu. Hakuulizwa. Watoto wa wenzenu shuleni kadhalika, na bibi harusi na wageni wake katika kumbi, ambapo wanawake wamevua mabaibui kwa amani ya kuwa wako peke yao, na mmoja kati yao ameinua simu. Ni amana ile. Wenye kheri katika harusi zao sasa hukusanya simu mlangoni katika kikapu. Tumesikia watu wakiwacheka, nasi twawaunga mkono.

Sasa tuje kwa kijana aliyetukaribisha futari, kwani tulimwahidi kwamba tutalijibu swali lake humu. Yeye amemaliza chuo, na alikwenda kuomba kazi katika afisi moja huko Westlands. Akaulizwa ya elimu yake, akajibu vizuri. Mwisho akageuziwa kioo cha tarakilishi, akaonyeshwa maneno aliyoyaandika katika Facebook wakati wa uchaguzi wa 2017, akiwa na miaka 18, ya kuwatukana watu wa kabila jingine. Alikuwa ameyasahau kabisa. Kazi hakuipata. Akatuuliza: je, nifute yote ya zamani nianze upya, au huko ni kuwadanganya watu?

Jawabu letu ni hili. Futa, wala usikawie. Sharti la kwanza la toba ni kuiacha dhambi, na neno ovu lililobaki mahali ambapo watu walisoma ni dhambi ambayo hujaiacha bado; kila asubuhi yaamka pamoja nawe. Ziangalie kurasa zako tangu mwanzo wake, mwaka kwa mwaka, ukae nazo kama ukaavyo na daftari la deni. Jitazame umeziachia wazi kwa nani, na wageni usiowajua uwafungie mlango. Jina lako litafute wewe mwenyewe kabla hajalitafuta mwingine. Kilichowekwa na rafiki yako juu yako mwombe akiondoe. Ukiwa na haki na mwenye ukurasa akikataa, sheria tuliyoitaja imekupa kudai kifutwe. Wala usidanganyike na ile ya saa 24. Mwenye kuitazama huweza kuinakili kwa kidole kimoja, na nakala haina saa.

Bali kufuta peke yake hakutoshi. Mwenye kufuta kwa kumwogopa mwajiri ameusafisha ukurasa na moyo ameuacha kama ulivyokuwa. Na dhambi iliyohusu haki za watu ina sharti zaidi, kuirudisha haki. Neno ulilolisema hadharani walirudisha hadharani. Tulimwambia kijana aandike pale pale alipoandika, kwa maneno machache, ya kwamba alikosa, bila ya kuyanukuu matusi yenyewe yasije yakazaliwa mara ya pili. Alikaa kimya kitambo kirefu. Akasema: "Watu watacheka." Tukamwambia kwamba huenda wakacheka. Usiku ule ule, kabla hatujenda kusali tarawehe, aliandika mistari mitatu. Mmoja wa aliowatukana, waliyesoma naye darasa moja, akamjibu kabla ya daku. Aliyomjibu ni baina yao.

Sasa limebaki jambo letu. Ndugu zetu wa Nairobi wametuambia kwamba tangu picha kuachwa, michango imepungua kidogo. Twaamini ni kweli, wala hatutaki kulificha. Wenye kutoa wamezoea kuona nyuso. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa mtoaji ataonyeshwa magunia, hesabu ya magunia, na hati ya duka palipotoka mali, na asiyetosheka na hayo tutamchukua mpaka Kawangware atoe kwa mkono wake, pasi na simu. Akikataa, basi tutagawa kidogo tulicho nacho.

Kwa yule mama tulikwenda nyumbani kwake, tukiwa pamoja na wake zetu, tukamwomba radhi. Alitupa chai. Kaka yake tulimpigia simu mbele yake, tukamwambia kwamba dada yake hakuomba kwa mtu, sisi ndio tuliomwendea, na aibu ni ya aliyepiga picha. Alinyamaza, kisha akauliza nauli ya kwenda Nairobi ni kiasi gani.

Katika picha zile saba, zote tulizifuta katika kurasa zetu siku ile ile. Lakini ile ya mama ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa watu, na mpaka twaandika haya bado yatembea katika makundi ya WhatsApp ya Mombasa na Malindi, na chini yake watu wameandika dua za kututakia sisi kheri. Ni picha ya mwanamke aliyeshika mfuko mweupe, na nyuma yake mlango wa mabati ya buluu. Aliye nayo, twamwomba kwa haki ya Uislamu aifute, na aliyempelekea mwingine amwambie naye aifute.